Chupa ya Vichwa na Chupa ya Mabiringanya

Redio alifika kijiweni kabla kahawa haijachemka, nikajua amebeba habari inayomuwasha ulimi. Huyu ni mlinzi wa ghala la mbao. Usiku kucha mwenzake ni redio ndogo ya mfukoni, na asubuhi, badala ya kwenda kulala kama walinzi wengine, hutupitia kwanza kutuhubiria yaliyosemwa. Jina lake la kuzaliwa tumeshalisahau, na nadhani hata yeye.

"Bibi, nimiminie," alisema akijibwaga kwenye benchi. "Leo kuna mtu hapa atafunga duka."

Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi. Mimi na jiko langu la mkaa tunakaa upande mmoja, fundi baiskeli anakaa upande wa pili. Fundi tunamwita Spana. Mkono wake haukosi spana, mdomo wake haukosi neno.

"Nani anafunga duka?" Spana aliuliza, huku akizungusha gurudumu la mteja.

"Daktari."

Daktari alikuwa palepale, anapuliza kikombe. Si daktari wa watu wala wa ng'ombe. Ana duka dogo la dawa za shambani na sumu ya panya, na huvaa koti jeupe ili sumu iuzike kwa heshima.

"Nifunge kwa kosa gani?" alisema bila kuinua macho.

"Mtaalamu wa kilimo kasema redioni," Redio aliendelea. "Wadudu wa mabiringanya wamezizoea dawa kali. Wanazinywa kama sisi tunavyokunywa kahawa ya Bibi. Kasema watu wajaribu dawa za mimea. Majani ya mwarobaini unayatwanga, unayaloweka mpaka kesho yake, unachuja, unatia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, unapulizia jioni. Basi."

"Upuuzi," alisema Daktari. "Miaka yote nauza dawa, hajaja mdudu hata mmoja kulalamika."

"Aje kulalamika ana wazimu?" alidakia Spana. "Dawa zako zinanenepesha! Yule panya wangu aliyekula sumu yako sasa hivi ana kitambi. Anapita katikati ya sebule polepole, ananitazama kama mimi ndiye mpangaji."

"Ulimwekea nyingi. Soma maelekezo."

"Nilimsomea! Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba ya kushushia!"

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kidoleni. Hapo ndipo kinyozi alipotoka kibandani mwake, na kicheko kikatuishia mdomoni.

Kinyozi tunamwita Panki, kwa sababu ya mtindo wa panki aliompa bwana harusi mmoja bila kuombwa. Ni kijana mwema, ila kichwa chake hakikai na mambo. Wiki kadhaa zilizopita mkewe alikuwa anarudi safarini na mizigo, naye alitakiwa kumpokea kituo cha basi. Siku hiyo Spana alianzisha ubishi kuhusu goli, kama lilikuwa la haki au la wizi, na Panki akabaki hapa benchini kulitetea goli. Mvua ikanyesha. Mkewe akasimama kituoni na mizigo yake mpaka kitenge kikamganda mwilini.

Alipofika hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema tu, "Unakumbuka goli la miaka kumi iliyopita, mke wa leo humkumbuki." Kesho yake akaenda kwa baba yake. Akiwa anaondoka alipita nyuma ya kibanda, alikootesha mabiringanya yake matuta manne, akamwambia mumewe, "Nakuachia haya. Nitakaporudi na baba, nikiyakuta yanatazamika, tutakaa tuzungumze. Nikiyakuta yamekufa, usijisumbue kutandika mkeka."

Sasa Panki alikuwa amesimama mbele yetu, ameshika kijiti cha biringanya kilichonyauka kwenye ncha, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

"Yote yanalegea hivi," alisema. "Namwagilia kila siku. Nimekosea wapi?"

"Yanamlilia mwenyewe," alisema Spana. "Mimea ina akili kukushinda."

"Spana," nilimwambia, "mwache mwenzio."

Panki alichukua wembe, akakipasua kile kijiti kwa urefu, taratibu, kama anavyotengeneza mstari wa masikio. Ndani mlikuwa na kiwavi mweupe mwenye wekundu kwa mbali, amenona, amejikunja starehe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilisema.

"Huyo ndiye!" Redio aliruka. "Mtaalamu kamtaja! Mama yake anataga juu ya majani, mtoto akianguliwa anatoboa na kuingia ndani. Akishaingia, hata umpulizie nini humpati. Kasema ncha zilizonyauka uzikate uziharibu, ndipo upulizie mwarobaini kuwazuia wengine wasiingie."

"Au," Daktari alikohoa, "uje dukani kwangu nikupe kitu kimoja tu, upulizie, ulale."

"Ulale moja kwa moja," alisema Spana. "Shemeji akija akute matuta matano badala ya manne."

Panki hakucheka. Alikiangalia kiwavi, akauangalia mwarobaini wa ng'ambo ya barabara, ule tunaofungia mbuzi, kisha akaniangalia mimi. "Bibi, una kinu?"

"Kinu ninacho, mwanangu. Na mchi pia."

"Tia na pilipili," Spana alimshauri. "Mwarobaini bila pilipili ni sala bila amina. Hata mimi ukinipa mchungu mtupu nitazoea, nimeoa. Lakini ule mwasho, hapana!"

"Pilipili hapana," alijibu Panki. "Mimi nashika vichwa vya watu kwa mikono hii. Nashika na macho yao. Pilipili isikanyage kibandani kwangu."

Hilo alilisema kwa sauti, na sote tulilisikia.

Toka siku hiyo kijiwe chetu kikanuka uchungu. Alitwanga yeye mwenyewe, kwa kinu changu, na kahawa yangu ikawa chungu hata kwa aliyetia sukari. Dawa akaiweka kwenye chupa kubwa aliyoitoboa kifuniko, nayo ikakaa nyuma ya kibanda. Chupa ndogo ya kupulizia, ile ya kulowesha nywele za wateja, ilibaki kwenye rafu chini ya kioo. "Chupa ya vichwa haitoki ndani, chupa ya mabiringanya haiingii," aliwatangazia wote, mpaka Redio akasema huyu sasa anaongoza nchi mbili zenye mpaka.

Lakini kilichowapa watu raha zaidi ni ule ukataji. Wakulima hukata ncha kwa kisu au kwa kucha. Panki alikata kwa mkasi wa saluni. Alikuwa akichuchumaa mbele ya shina, anainamisha kichwa kushoto, anarudi nyuma hatua moja kutazama, anakwenda tena, chwi, chwi, kisha anapuliza kwa mdomo kuondoa vumbi.

"Muulize kama anataka na ndevu!" Spana alimpigia kelele toka kwenye baiskeli zake.

"Mpe kioo ajione kisogoni!" Redio naye.

"Huyu wa mwisho ana upara," Daktari aliongeza. "Mwambie ni wa kurithi, asijilaumu."

Walimcheka hivyo kila siku. Ila mimi nimezeeka kwa kutazama watu, na nikiwa nakoroga kahawa macho yangu hayana kazi nyingine. Nilimwona Daktari akimpelekea kitambaa safi cha kuchujia, akakiacha mlangoni bila kubisha, ili wateja wake wasimwone akimsaidia adui wa biashara. Nilimwona Redio, macho mekundu kwa usingizi, akizunguka nyuma ya kibanda kuokota zile ncha zilizokatwa na kuzifukia mbali, halafu anarudi benchini na kuanza kutukana kilimo chote.

Na Spana. Kila alfajiri Spana ndiye hufungua kibanda cha kinyozi, kwa sababu pampu yake ya baiskeli hulala humo. Asubuhi ya siku ambayo mke wa Panki na baba yake walitarajiwa, nikiwa napepea jiko, nilimwona anatoka na pampu mkono mmoja, na kitu kingine amekificha chini ya shati. Akazunguka nyuma. Nikasikia fsss, fsss, fsss, kwa muda mrefu, na kupiga chafya katikati. Akarudi ndani, akatoka na pampu yake tu, akifuta macho.

"Umeamkaje, Bibi? Moshi wa jiko lako leo mkali."

"Nimeamka salama, mjukuu wangu," nilisema. Sikumuuliza kitu. Mtu akiuficha wema wake, usimvue nguo barabarani.

Wakaja kabla jua halijakolea. Mke wa Panki alikuwa mbele, na begi lake begani, halijulikani kama ni begi la kurudi au la kuchukulia vitu vilivyobaki. Nyuma yake baba yake, mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu anayetembea kama bado anafuata kamba. Kabla ya kusalimia alilitazama benchi letu, akasema, "Limepinda."

"Shikamoo, Baba!" tulisikia Panki akisema, na sauti yake ikapanda juu kama ya mtoto.

"Marahaba. Safari ina vumbi. Kabla ya maneno nataka kichwa changu kiwe safi. Wewe si kinyozi?"

Panki alimkalisha kwenye kiti, akamfunga shuka jeupe shingoni. Mlango ulikuwa wazi, sisi wote benchini tukawa hadhira. Mke wa Panki alikaa karibu nami, nikampa kahawa. Hakulitoa begi begani.

"Huendi kuyaona mabiringanya kwanza?" nilimnong'oneza.

"Baba amesema tuyaone pamoja, Bibi. Asije mtu akasema nimeona kwa jicho la hasira."

Ndani mambo yalikwenda vizuri. Upande wa kulia uliisha, umeng'aa kama sahani. Mzee alikuwa amefumba macho, karibu anasinzia. Panki akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua chupa ndogo, akaupulizia upande wa kushoto na kipara kipya chote, fsss, kwa ukarimu wote wa mkwe anayetafuta msamaha.

Mzee akavuta pumzi, akakunja pua.

Kisha mpima ardhi akasimama na kiti.

"NINAUNGUA!" Shuka lilipaa, kioo kikapigwa teke, na mzee wa watu akatoka mbio, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, machozi yakimtoka kama aliyefiwa na ukoo mzima. "Umenimwagia nini, wewe? Umenimwagia nini?"

"Maji, Baba! Ni maji!"

"Maji ya jehanamu!"

Mimi nilishachukua mafuta ya kupikia na kitambaa, maana pilipili haisikii maji. Nikamkalisha, nikampaka, nikampepea. Harufu ilishafika benchini. Mwarobaini, na juu yake pilipili, kali mpaka Redio aliyekuwa anasinzia akaamka.

Mke wa Panki alisimama. Uso ulikuwa mtulivu kama siku ile ya mvua. "Kituoni ulinisahau mimi," alimwambia mumewe. "Leo umesahau hata chupa ipi ni ya kichwa cha baba yangu. Baba, ukipata nafuu twende."

Panki aliinusa chupa. Angeweza kuapa kwamba hakutia pilipili, lakini nani angemwamini mtu mwenye sifa zake? Alisimama tu na chupa mkononi. Daktari aliangalia koti lake. Redio aliangalia juu. Na mimi nilimtazama Spana, nikaendelea kumtazama, mpaka akavua kofia.

"Shemeji," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilitia mimi. Pilipili. Alfajiri. Yeye alikataa, mimi nikaona mwarobaini peke yake hautoshi, na leo mnakuja, na…" Akakwama. Sikuwahi kumwona Spana akikwama. "Ule ubishi wa goli niliuanzisha mimi, Shemeji. Nikasema basi niyapulizie kidogo, yapate nguvu. Ile chupa kubwa matundu yake yaliziba, nikaimimina dawa kwenye hii. Nikasahau kuiosha."

"Na goli?" aliuliza Redio. "Lilikuwa halali?"

"Nyamaza!" tulimwambia wote.

Mke wa Panki aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo huyu anapulizia, na nyie wengine?"

"Mimi nafukia ncha," Redio alikiri.

"Kitambaa kilikuwa cha kwangu," alisema Daktari. "Lakini naomba wateja wangu wasijue."

"Basi mabiringanya yangu yamelelewa na kijiwe," alisema polepole. "Na mume wangu alikuwa wapi?"

Spana alirudisha kofia kichwani. Walikuwa wamemwokoa Panki kwenye moto, wakamtia kwenye maji.

Mkewe akazunguka nyuma ya kibanda. Tukamfuata sote, mzee akiwa wa mwisho, shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa kwa mafuta yangu.

Matuta manne yalikuwa yamesimama. Si kwamba yalipendeza sana, majani mengine yalikuwa na matundu kama chujio, lakini yalikuwa mabichi, yana maua ya zambarau, na matunda machache yananing'inia, madogo, yanametameta. Mke wa Panki alichuchumaa. Hakugusa tunda. Aligusa pale palipokatwa. Kila ncha ilikuwa imekatwa kwa mshazari mmoja, juu kidogo ya jani, safi, bila kuchanika, shina baada ya shina.

"Nani amekata?"

Daktari alisogea, akageuka, akainamisha kichwa kumwonyesha kisogo chake. "Shemeji, linganisha mwenyewe. Mkono huu tunaujua."

Alilinganisha. Ulikuwa mstari uleule.

"Na hili?" alimuuliza mumewe, akionyesha shina moja pembeni. "Limelegea kuliko mengine, mbona hukulikata?"

"Hilo halina kiwavi," Panki alijibu. "Hulegea mchana, jioni husimama. Lenye kiwavi halisimami jioni. Hili lina kiu tu, mizizi yake imeangukia kwenye jiwe. Nalipa maji peke yake, kwa kikombe." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Nalikagua kabla sijanywa chai."

Mkewe aliingiza kidole kwenye udongo wa lile shina mpaka kikagonga jiwe.

"Na mvua ikinyesha nikiwa kituoni?"

"Nitakuwa nimeshalowa kabla hujashuka."

"Maneno."

"Maneno," Panki alikubali. "Yapime kama ulivyoyapima haya mabiringanya."

Akalishusha begi begani. Aliliweka pale chini, kati ya tuta na tuta, nami nikaona Spana anageuka haraka kuangalia ukutani, akitafuta msumari ambao haupo.

Mpima ardhi alikuwa amefumba jicho moja, anayatazama matuta kutokea mwisho wake. "Mistari imenyooka," alisema. "Mengine ni ya ndani, yataongelewa ndani. Kwanza nimalizieni kichwa, upande huu unapigwa na baridi na huu unawaka moto."

Tukarudi. Mzee akakaa kitini, mgongo wima kama nguzo ya mpaka. Panki aliiosha chupa ya vichwa mara nyingi, kwa sabuni, mbele ya mashahidi, akaijaza maji ya mtungi wangu. Akaiinua.

Mkono wa mkwe ukatoka chini ya shuka na kumzuia.

"Ngoja. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nami nakubali. Lakini kujipulizia anaweza. Anza na wewe."

Panki akajipulizia uso. Tukangoja. Akapepesa macho, akatabasamu, matone yakimdondoka kidevuni.

"Na yule wa spana."

Spana akaletwa kwa mabega, akapuliziwa. Redio akakimbia kwenda kulala kabla ya zamu yake ya kupuliziwa kufika, na Daktari akakumbuka ghafla kwamba dukani kuna mteja. Benchi likabaki na mimi peke yangu na vikombe vya kuosha.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Hakuna mteja anayeinamisha kichwa pale mpaka kinyozi alowe uso kwanza. Na kwa kuwa yeye haaminiki na chupa, anayeijaza kila asubuhi ni mkewe. Huijaza kimya kimya, akitazama mabiringanya yake, na hasemi ametia nini.

Ndiyo maana Panki hujipulizia akiwa amefumba macho.